Mkia wa Shati la Ovide

Ovide Guidroz alipofariki, Padre alinipigia simu akaniomba niandike maneno ya kusomwa kanisani, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kati ya watu wake wa karibu. Niliandika. Niliandika kwamba alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari kwa miaka thelathini na minane, kwamba misa ya Jumapili haikumpita, kwamba mkewe alipougua alimwogesha na kumlisha kwa mikono yake mwenyewe mpaka siku ya mwisho. Hakuna uongo hapo. Padre alinishika mkono akasema nimempamba marehemu vizuri. Haya yanayofuata sikuyaandika, maana kanisani watu hutaka kulia kidogo kisha wakale.

Ovide alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu Nolan. Tuliishi barabara moja, nyumba yake kwenye kona na yetu ya tatu kutoka kwake, miwa mbele na kinamasi nyuma. Kwetu huku hewa unaweza kuikamua. Chumvi haitoki kwenye kichupa mpaka uchanganye na punje za mchele, na viatu vya kanisani vikikaa kabatini wiki mbili vinaota ukungu wa kijani. Katika nchi ya namna hiyo, Ovide alichagua kazi ya mkono inayochukia maji kuliko paka. Alikuwa akijitengenezea risasi nyumbani.

Si peke yake, wanaume wengi wa huku hufanya hivyo, lakini wengine walikuwa wanabahatisha na Ovide alikuwa anajua. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya jiko, na ndani yake mashine ya mkono, mizani ya kupimia vitu vidogo kuliko punje ya ufuta, na bomba la kioo la kumiminia baruti. Maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa aliyaokota, akayasafisha, akayatia fataki mpya, baruti na kichwa kipya, yakawa risasi tena. Kila bunduki ya kambi yetu ya uwindaji ilikuwa na kipimo chake katika daftari lake. Alisema risasi ya dukani ni kama suti ya dukani, inamtosha kila mtu na haimkai mtu yeyote.

Kwenye pembe ya chumba kile kulikuwa na mashine ya kukausha hewa, ikinguruma usiku na mchana. Asubuhi na jioni Ovide alimwaga ndoo ya maji iliyoyanyonya hewani. Siku moja Nolan alisimama mlangoni na sahani yake ya wali, mlango wazi, anapiga soga.

"Funga mlango!" Ovide akafoka. "Unaniingizia kinamasi chote humu!"

"Kaka, nimesimama dakika moja tu."

"Dakika moja inatosha. Baruti ni kama chumvi, inakunywa maji. Ikishakunywa, inaungua polepole, na risasi inatoka kivivu. Huku karibu hutaona kitu. Ukipiga mbali, inaangukia miguuni pa mnyama."

"Kumbe ndiyo maana huwa nakosa," Nolan akasema. "Nilidhani ni macho."

"Wewe unakosa kwa sababu ni wewe," Ovide akamjibu, na wote wawili wakacheka. Kisha nikamwona Ovide akirudisha baruti yote iliyokuwa kwenye bomba la kioo ndani ya kopo lake na kukaza kifuniko kwa nguvu. Ilikuwa sheria yake, baruti hailali nje ya kopo hata usiku mmoja.

Sasa nieleze habari ya mashati. Kambini kwetu, ukimpiga kulungu ukamkosa, wanaume wanakushika, wanaukata mkia wa shati lako, lile pindo la nyuma, kwa kisu, wanaandika jina na tarehe, wanaupigilia msumari ukutani. Unakaa hapo mpaka nyumba ianguke. Mume wangu alikuwa na mikia kumi na mmoja kwenye ukuta ule. Ovide hakuwa na hata mmoja. Curley Menard, mwuza nyama, ambaye ndiye mkubwa wa kambi na kisu ni chake, alizoea kumwuliza Nolan mbele ya watu, "Hivi mkeo anakushonea mashati au mapazia?" Nolan alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka. Lakini mashati yale nilikuwa nashona mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nalala kando yake usiku wa siku hizo, naye amenigeuzia mgongo, macho makavu.

Mwaka aliofikisha sitini na nne, kabla ya Pasaka, daktari alituambia ni kongosho. Alitupa miezi, hakututajia mwaka. Nolan hakuomba kwenda popote. Siku moja tukiwa barazani tunamenya kamba wa mtoni aliniambia, "Ninataka dume moja tu, Eula. Kubwa. Pembe zake zipigiliwe ukutani kwenye ule upande wa mikia yangu, ziizibe kidogo. Sitaki kufa nikiwa kichekesho."

Nilikwenda kwa Ovide mwenyewe kumwambia. Alinisikiliza, akafuta mikono. "Nitamtengenezea ishirini," akasema. "Hizo hazitakosa, Shemeji. Hata yeye hataweza kuzikosesha."

Mwezi wa nane alianza. Alijaribu kipimo kwa bunduki ya Nolan uwanjani, risasi tano, zote zikaingia tundu moja la kutosha kufunikwa na kifuniko cha soda. Nolan mwenyewe kuijaribu haikuwezekana, maana teke la bunduki lilikuwa linamwumiza tumbo, tukasema ajitunzie lile moja la siku yenyewe. Ovide akakaa kujaza zile ishirini. Ndipo kimbunga kikageuza njia kikaja kwetu. Tulipewa saa chache za kuhama. Ovide alikuja mbio na gari, akambeba Nolan mgongoni kama mtoto, tukaenda kaskazini kwa dada yangu. Siku kumi na sita umeme haukuwako. Tuliporudi, friji ilikuwa inanuka mpaka barabarani, na kuta zimeota ndevu.

Mwezi wa kumi Ovide alileta kisanduku. Risasi ishirini zimepangwa, shaba inang'aa, kila moja ameipangusa kwa kitambaa. Nolan alizihesabu kwa kidole kama mtu anayesali rozari.

Jumamosi ya kwanza ya msimu sikuwako kibandani, kile cha juu ya nguzo wanachovizia kulungu. Nolan ndiye aliyenisimulia, mara nyingi mno. Ovide alimshika kiuno akampandisha ngazi, akamwekea mfuko wa mchanga wa kuegemezea bunduki, akashuka kusubiri chini. Asubuhi ile ukungu uliinuka mapema. Mwisho wa uwazi uliokatwa msituni kupitisha bomba la gesi, hatua mia tatu na ushee, dume lilitoka msituni likasimama ubavu. Matawi kumi kwenye pembe. Nolan akavuta pumzi, akaiachia nusu, akafyatua. Tope liliruka chini ya kifua cha yule mnyama. Aligeuza kichwa akaangalia, kisha akatembea kuingia msituni. Hakukimbia hata kidogo.

"Nilikuwa nimemshika, Eula," alikuwa akiniambia. "Mkono haukutetemeka. Naapa haukutetemeka."

Pale kambini Curley alitoa kisu kisha akasita. Akasema, "Jamani, leo tumwache. Mgonjwa."

"Nani mgonjwa?" Nolan akamjibu. "Kata bwana! Mimi bado niko hai, nikatwe kama wengine."

Wakakata. Wakacheka, naye akacheka. Ukawa mkia wa kumi na mbili. Ovide alikuwako, na siku ile, ninakubali, alikuwa hajui kitu.

Nolan alirudi nyumbani Jumapili jioni na lile shati limekatwa, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. Mpaka wiki ile alikuwa akijinyoa mwenyewe. Kesho yake alinipa wembe. "Nyoa wewe," akasema. "Mkono uliokosa kulungu yule utanikata koo." Baadaye akaacha kushika kikombe. Alikuwa anaweza, nilimwona, mkono wake ulikuwa bado una nguvu, lakini alikwisha uacha, kama mtu anavyomwacha rafiki aliyemwibia. "Mikono imenisaliti," aliwaambia wageni, akaicheka mikono yake ili na wao wacheke.

Ovide alikuja kila siku. Gumbo ya bata, gumbo ya kuku, ule mchuzi wetu mzito, wali wake kwenye bakuli lililofunikwa taulo. Alikaa kando ya kitanda saa nzima, kofia magotini. Majirani waliniambia nina bahati ya shemeji. Nami nilisema ndiyo, nina bahati.

Nolan alifariki wiki ya pili ya Januari. Alikuwa ameniagiza nimzike na shati lile lililokatwa. "Mtakatifu Petro akiniuliza nimeleta nini, nitamgeuzia mgongo aone," alisema. Nikamvika. Kwa mbele lilikuwa shati zuri, la bluu na vifungo vya pembe. Kwa nyuma alilalia kitambaa kilichokatwa ovyo kwa kisu cha mwuza nyama.

Mwezi wa tatu nilijikaza kupanga vitu vyake. Kisanduku cha risasi kilikuwa juu ya kabati. Nilikifungua kwa sababu tu Nolan alipenda kukifungua. Zilikuwa kumi na sita. Nikahesabu tena. Mume wangu alipiga risasi moja maishani mwake kutoka kwenye kisanduku kile, na kwa hesabu yoyote ile zilipaswa kubaki kumi na tisa.

Nilibeba kisanduku mpaka kwenye kona. Ovide alikuwa jikoni anachuja kahawa.

"Nolan alipiga moja," nikamwambia. "Tatu zimekwenda wapi?"

Hakuuliza tatu zipi. Alizima jiko. "Shemeji, kaa."

"Sikai."

"Nilizipiga mimi. Kwenye karatasi, kwa bunduki yake. Zote zilikwenda chini. Kiganja kizima na zaidi." Akashusha macho. "Siku ya kukimbia kimbunga niliacha baruti kwenye bomba la kioo. Ilikaa humo siku zote zile, umeme hakuna. Ilikunywa."

"Na ukaitumia."

"Ilikuwa ya shehena ileile niliyoijaribia bunduki yake. Ndiyo ya mwisho, na duka lililokuwa nayo limeezuliwa paa. Nikasema ni afadhali ile ninayoijua. Nikaipima kwenye mizani, punje kwa punje, ikatimia." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mizani ilikuwa inapima maji pamoja na baruti. Mimi, Eula! Mimi niliyekuwa nawafokea watu mlangoni."

"Ulizipiga lini hizo tatu?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Ileile. Asubuhi. Kabla sijamrudisha nyumbani."

"Nolan aliishi wiki saba baada ya Jumapili ileile, Ovide. Uliketi kando yake wiki saba."

"Kila siku nilikuja nimwambie."

"Na ukimfikia, ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilikuwa namwuliza kama anataka wali zaidi."

Nimewahi kuchukia watu maishani, mimi si mtakatifu, lakini sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule na kichujio chake cha kahawa mkononi. Kuacha baruti nje ningemsamehe kabla sijaondoka pale jikoni. Alikuwa anamkimbiza ndugu yake kutoka kwenye kimbunga, nani angekumbuka bomba la kioo? Lakini alimwona Nolan akiivua mikono yake mmoja mmoja, na neno moja lingemrudishia, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni akalimeza na kahawa. Kwa nini? Kwa ajili ya ukuta. Kwa ajili ya upande wa ukuta usiokuwa na jina lake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikikikaribisha chai kila jioni.

"Utawaambia kambini," nikasema.

"Nitawaambia."

Alikuwa na miezi minane ya kuwaambia. Jumamosi ya kwanza ya msimu uliofuata, siku ambayo wake hualikwa kula chakula cha mchana kambini, nilikwenda. Ukuta ulikuwa kama ulivyokuwa. Ovide alikuwa mezani, shati zima. Basi nikasimama nikawaambia mimi. Niliwaambia habari ya bomba la kioo, umeme, na risasi tatu. Vijiko vikasimama.

"Bi Eula," Curley akasema, kwa sauti ya kubembeleza kama anayezungumza na ng'ombe mgonjwa. "Sote tulimpenda Nolan. Uchungu unaujua mwenyewe. Lakini risasi za Ovide? Mimi ninazo alizonijazia kabla binti yangu hajazaliwa, na sasa ni mama wa watoto. Hazijawahi kuniangusha."

"Mwulizeni yeye. Huyo hapo."

Wote wakamgeukia. Nilimwona Ovide akifungua mdomo. Naapa niliona neno likija. Akatazama ukuta, akatazama sahani yake.

"Eula amechoka," akasema. "Mwacheni."

Mmoja wa wanawake akanishika bega akanitoa nje nikapunge upepo.

Miaka mitatu sikumsalimu. Kanisani alikaa upande wa Bikira Maria nami nikahamia upande wa Yosefu. Gumbo aliziacha barazani kwangu nikazimwagia kuku. Kisha moyo wake ukasimama mwezi wa pili, akiwa bustanini, na Padre akanipigia simu kuomba yale maneno mazuri.

Nyumba ilibidi niisafishe mimi, hakuna mwingine. Chumba cha nyuma ya jiko kilikuwa kikavu kama tanuri, mashine ile bado inanguruma na ndoo yake imefurika. Makopo ya baruti yamekazwa. Chini ya meza kulikuwa na sanduku la bati la kijeshi, lile lenye mpira mdomoni usiopitisha hata mvuke. Nilidhani ni risasi. Nilipolifungua lilitoa pumzi, maana lilikuwa halijafunguliwa siku nyingi. Ndani kulikuwa na vifuko vitatu vya dawa ya kunyonya unyevu, na katikati yake mkia wa shati.

Umekatwa kwa mkasi, umenyooka. Ulikuwa wa shati lake jeupe la Jumapili. Ulikuwa umepigwa pasi. Kwa mwandiko ule wa daftari lake la vipimo alikuwa ameandika: Ovide Guidroz. Baruti ilikunywa. Nolan hakukosa. Na tarehe yake ni ya Jumapili ileile.

Niliketi chini nikalia, na msidhani nililia kwa huruma. Nililia kwa hasira. Kumbe alikwisha kiri siku ileile, akakata, akaandika, akapiga pasi! Mtu anamwomba radhi sanduku la bati! Hata kambi nzima ikiungua moto, maneno yale yangebaki makavu humo, hayana ukungu, hayana doa, na mume wangu akanyolewa na mkewe kama maiti wiki saba kabla hajawa maiti.

Baada ya maziko watu walikwenda kambini kula. Curley, ambaye sasa anatembea na fimbo, alisimama na glasi. "Miaka arobaini na mitatu," akasema. "Tazameni ukuta huo. Mtafuteni Ovide. Hayupo!" Watu wakapiga makofi.

Nikaenda kwenye kabati la zana nikachukua nyundo. Hakuna aliyenizuia, wanawake wazee hawazuiwi siku ya msiba. Nikatoa ule mkia kwenye mkoba wangu, nikaupigilia hapo alipokuwa anapaonyesha kwa fimbo. Curley akasogea, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina la Nolan akalisoma mara mbili.

"Bi Eula," akasema. "Hatukujua."

"Niliwaambia."

"Ulituambia," akakubali. Alivua kofia. Kisha akachukua nyundo kwangu, akang'oa msumari wa ule mkia wa bluu wa mwisho, akaupangusa mkia kwenye suruali yake, akanipa kwa mikono miwili. Ile kumi na mmoja mingine niliiacha palepale. Hiyo alikosa kweli.

Niliufua mara tatu. Miaka ukutani katika hewa yetu hii imeutia madoa ya ukungu yasiyotoka kwa sabuni wala limau. Ni kitambaa changu, mshono ni wangu, hata uzi niliobakiza bado uko kwenye kikapu. Leo asubuhi niliutunga kwenye sindano kabla sijakumbuka kwamba shati lenyewe nimemzika nalo, na sina pa kuushonea mkia huu.